Jirani kakata mwarobaini wa barabarani, anaonyesha barua ya mtaa. Je, inatosha?

*"Habari mtaalamu. Naishi Sinza, nyumba ya kupanga, kwenye barabara ya ndani yenye lami. Kati ya lami na ukuta wa jirani yetu kulikuwa na miarobaini miwili mikubwa. Jumapili alfajiri jirani alileta vijana na msumeno wa mashine, wakaangusha mmoja, na kabla ya saa tatu magogo yalikuwa yameshaondoka kwa kirikuu. Anataka kujenga fremu. Tulipomuuliza alitutolea barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa, akasema mizizi inampasulia ukuta, na kwamba miti ile aliipanda marehemu baba yake. Juzi tumekuta mti wa pili umechunwa gome karibu na ardhi, upana wa kiganja, karibu kuzunguka shina lote. Majani bado mabichi. Je, ana haki? Barua ile inatosha? Huu wa pili utapona? Mimi mpangaji tu, sijui hata kama nina nafasi ya kusema."*

Naanza na mti wa pili, maana hauwezi kusubiri nimalize habari za sheria.

Gome lina sehemu mbili. Lile la nje, gumu na lenye nyufa, ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka laini linaloshusha chakula kutoka kwenye majani hadi kwenye mizizi. Maji hayapiti hapo. Yanapanda kupitia kwenye mbao, ndani zaidi. Ndiyo sababu mti uliochunwa gome unabaki wa kijani: maji yanaendelea kufika juu, ila mizizi imekatiwa posho. Itakula akiba yake wiki kadhaa, pengine miezi, kisha itaanza kufa, na majani ndiyo yatakuwa ya mwisho kuleta habari. Anayechuna gome mara nyingi anaijua hesabu hii. Mti ukikauka atasema umejifia wenyewe, ataomba kibali cha kuondoa mti mkavu unaotishia wapita njia, na kibali hicho atapewa, tena kihalali kabisa.

Neno lako "karibu" ndilo lenye matumaini. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia shina pale penye jeraha, uandike mzingo. Kisha pima upana wa gome lililobaki likiunganisha juu na chini. Shina likiwa na mzingo wa sentimita 120 na gome lililobaki likawa sentimita 30, una robo. Mti uliobakiwa na zaidi ya nusu kwa kawaida hujiponya wenyewe, ingawa polepole. Wenye robo ni mgonjwa wa kuuguzwa. Usiobakiwa na kitu hauponi bila kubebeshwa, yaani kuunganishiwa vijiti vibichi kama nitakavyoeleza.

Uuguzi wenyewe hauna gharama kubwa. Gusa mbao iliyoachwa wazi: kama kuna sehemu bado inateleza na ina unyevu, hapo kuna chembe hai zinazoweza kuotesha gome jipya, na adui wake mkubwa ni jua. Funika jeraha lote kwa nailoni nyeusi, izungushie shina na kuifunga juu na chini kwa kamba, bila kukaza hadi ikate gome. Iache wiki tatu au nne, ukiichungulia mara moja kwa wiki. Usipake rangi, lami, saruji wala oili chafu. Watu hufanya hivyo kwa nia njema na kuua kile kilichobaki. Mvua isiponyesha, mwagia ndoo mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki, si pale shinani bali kwenye duara la kivuli cha matawi, kwa sababu mizizi inayonywa iko huko. Na unuse udongo. Ukisikia harufu ya oili, chota tabaka la juu ulitupe. Ukiona chumvi, mwagia maji mengi mfululizo siku kadhaa ili izame chini ya mizizi.

Kama gome limekatika pande zote, mtafute mtu anayebebesha miembe na michungwa kwenye vitalu vya miche. Kazi ni ileile kwa umbo jingine: anakata vijiti vibichi vya mwarobaini, unene wa penseli hadi kidole, anachomeka ncha ya chini kwenye gome hai lililo chini ya jeraha na ncha ya juu kwenye gome lililo juu yake, kijiti kimoja kila baada ya sentimita tano hadi nane, kisha anavibana kwa misumari midogo na kuziba kwa nta. Vijiti visigeuzwe juu chini, vitakufa. Vikishika vinakuwa madaraja ya chakula. Si kazi ya kuahidiwa mafanikio, lakini mti mkubwa hauna dawa nyingine.

Kabla ya kufunika chochote, piga picha. Nitarudi kwenye picha.

Sasa sheria. Hoja ya jirani yako ina nguzo tatu: baba aliipanda, mtaa umeandika barua, mizizi inaharibu ukuta. Kila moja ina jibu lake, na ile ya tatu ndiyo pekee yenye uzito.

Kupanda hakuleti umiliki pale ardhi isipokuwa yako. Mti uliosimama ardhini unafuata ardhi. Swali la kwanza basi si nani alipanda, bali shina liko upande gani wa bikoni. Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya mipaka kwenye pembe zake, na ramani ya upimaji iko ofisi ya ardhi ya manispaa. Nyosha kamba kutoka bikoni hadi bikoni upande wa mbele, utaona. Usiupime mpaka kwa ukuta, maana kuta za Dar zina tabia ya kutembea. Kinachobaki kati ya mstari huo na lami ni hifadhi ya barabara. Wakazi wa jiji hili wanaijua hifadhi hiyo kwa alama ya X inayopakwa kwenye nyumba na vibanda. Ni ardhi ileile ambayo miarobaini na mikungu ya pembeni mwa barabara imesimama. Kama X ingeweza kupakwa kwenye fremu itakayojengwa pale, basi mti uliokuwa pale haukuwa wa baba.

Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, anayetaka kufanya kazi ndani ya hifadhi lazima apate ruhusa ya mamlaka ya barabara husika, na mamlaka hizo ni mbili. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za ndani ya mitaa, kama yenu, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi 2017. Watu wengi wa Dar bado wanapeleka malalamiko ya barabara ya mtaa TANROADS, yanazunguka mwezi mzima, yanarudi na jibu kwamba si yao.

Usichanganye pia halmashauri. Mkoa wa Dar es Salaam una tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu 2021 ndilo eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Sinza iko Ubungo, ingawa wakongwe bado wanasema Kinondoni kwa mazoea. Barua ikiandikwa kwa "Mkurugenzi wa Jiji" kwa sababu tu mnaishi jijini, imekosea mlango. Na kila halmashauri ina sheria ndogo zake, kwa hiyo alichokwambia rafiki wa Temeke kuhusu faini kisikupe uhakika.

Hizo sheria ndogo ndizo zinazolinda miti ya mitaani kwa karibu zaidi, kwa hiyo inafaa ujue zinavyozaliwa. Halmashauri ya mji inapewa nguvu ya kuzitunga na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Madiwani wanapitisha rasimu, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, kisha inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo. Isipotangazwa haina meno. Kwa hiyo ukifika manispaa usiulize "sheria inasemaje?", utajibiwa kwa mdomo. Sema: "Naomba nakala ya sheria ndogo za hifadhi ya mazingira, pamoja na namba ya Tangazo la Serikali." Zinapatikana kitengo cha sheria au kwa afisa mazingira. Soma mambo manne: nani anatoa kibali cha kukata au kupogoa mti, kibali kinaombwaje, adhabu ni ipi, na kama kuna sharti la kupanda mwingine. Hilo la nne ndilo utakalolihitaji kuliko yote.

Tunarudi kwenye barua. Serikali ya mtaa ina kazi muhimu hapa, lakini kazi hiyo ni kutambulisha. Mtu anayetaka kukata mti anaandika maombi, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanathibitisha kwamba wanamfahamu na mti upo, mtendaji wa kata anapitisha, kisha maombi yanafika halmashauri, kwa afisa misitu au afisa mazingira. Huyo anapaswa kuja kuuona mti. Anaangalia kama umeoza, umeegama, umegusa nyaya, unaharibu nini, na kama kupogoa kunatosha. Akiridhika, kibali kinaandikwa kikiwa na jina la mwombaji, mti gani, mahali gani, kipindi cha kukata, na masharti. Kama kuna ada, hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na risiti inatoka. Ukiambiwa kibali kimelipiwa taslimu mkononi, hapo hakuna kibali. Na kwa mti ulio ndani ya hifadhi, TARURA nao wawe na taarifa kwa maandishi.

Kwa hiyo mwombe jirani kwa ustaarabu akuonyeshe ukurasa wa pili, ule wenye kichwa cha halmashauri. Barua ya mtaa peke yake ni tiketi ya kuingia kwenye foleni, haijakufikisha dirishani. Tena isome vizuri: barua nyingi za aina hii zinasema "tunamtambulisha mkazi wetu anayeomba kukata mti", na mwenye nayo anaisoma kama "tumemruhusu". Simshutumu mwenyekiti wenu. Huenda aliandika kilicho sahihi, na mhuri ukafanya kazi ambayo maneno hayakuifanya.

Kuna hali moja ambapo mti hukatwa bila hatua zote hizo, nayo ni umeme. Shirika la umeme lina mamlaka kisheria kupogoa au kukata miti inayohatarisha nyaya zake. Lakini mamlaka hayo ni ya shirika na mafundi wake, wala jirani hawezi kuyaazima kwa kusema "TANESCO wangekuja tu kuukata". Kama kweli tawi limegusa waya, piga simu TANESCO na usimruhusu mtu yeyote apande na panga, hata kwa hela. Tawi bichi linapitisha umeme.

Kwenye mizizi jirani yako anaweza kuwa na hoja. Mwarobaini una mizizi yenye nguvu, na ukipandwa mita moja kutoka ukuta wenye msingi wa kina kifupi, baada ya miaka ishirini kitu kimoja lazima kisogee. Lakini ufa ukutani hauthibitishi mzizi. Ufa wa mzizi kwa kawaida huanzia chini, ukuta umeinuliwa au kusukumwa mahali pamoja, na ukichimba sentimita thelathini hadi hamsini pembeni ya msingi unaukuta mzizi wenyewe umebana. Ufa unaoanzia juu na kupanuka kadiri unavyopanda mara nyingi ni msingi uliotitia, na Sinza, kwa mitaro yake inayojaa masika, kutitia hakuhitaji mti. Shimo moja la jembe linamaliza ubishi huu kwa nusu saa. Pendekeza lichimbwe mbele ya afisa, si mbele yako peke yako.

Hata mzizi ukipatikana, kuangusha mti ni dawa ya mwisho. Mzizi mmoja unaweza kukatwa kwa msumeno, mkato safi, mradi usiwe karibu mno na shina. Kipimo cha kazini ni hiki: ndani ya umbali wa mara tatu ya kipenyo cha shina usikate mzizi mkubwa kabisa, maana mti unaweza kuanguka, mara tano au sita ni salama zaidi. Mti wenye kipenyo cha sentimita 40 usiguswe mizizi mikubwa ndani ya mita 1.2. Ukuta nao unaweza kurukishwa juu ya mzizi kwa boriti fupi ya zege. Kama vipimo havikubali, basi ndiyo, kuna miti ambayo kibali cha kuikata kingekuwa halali, na huenda ule wa kwanza ulikuwa mmoja wao. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeupima, na sasa haupo wa kupimwa.

Kilichobaki ni kisiki, nacho ni ushahidi wako mkubwa. Kipige picha leo: moja ya mbali inayoonyesha kisiki, ukuta, lami na kitu kisichohama kama nguzo ya umeme, na moja ya karibu ukiwa umetandaza futi juu yake. Pima kipenyo mara mbili, vipimo vikikatana kama msalaba, utafute wastani. Andika umbali kutoka kisiki hadi ukingo wa lami na hadi mstari wa bikoni. Angalia katikati ya kisiki: mbao nzima, isiyo na shimo wala uozo, inajibu mapema hoja ya "ulikuwa umeoza". Fanya vivyo hivyo kwa jeraha la mti wa pili, na picha zibaki kwenye simu iliyopigia ili tarehe isipotee. Mashahidi unao hata kama hujawahesabu: mama lishe aliyekuwa anawasha jiko, vijana wa bodaboda wa kijiwe cha kona. Kama kuna aliyenukuu namba za kirikuu, ziandike. Kusafirisha mazao ya misitu nako kuna utaratibu wake wa vibali chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na swali "magogo yalikwenda wapi na kwa karatasi gani?" huwa gumu kujibiwa. Sheria hiyo pia ina orodha ya miti iliyohifadhiwa kwa jina, mvule na mpingo ikiwemo, ambayo haikatwi bila kibali hata ukiwa nayo uani kwako. Mwarobaini wenu haulindwi kwa jina lake, unalindwa na mahali uliposimama.

Barua yako iwe ukurasa mmoja. Iandike kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo, kwa kumtaja afisa mazingira na afisa misitu, nakala kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, mtendaji wa kata na diwani. Eleza tarehe na saa, mahali, vipimo, kilichofanyika kwa mti wa kwanza na wa pili. Usimuite jirani mhalifu; sema alionyesha barua ya mtaa na kwamba hamjaona kibali cha halmashauri. Kisha omba mambo matatu kwa jina: afisa afike kukagua mti wa pili ndani ya siku saba, kazi yoyote ya ujenzi ndani ya hifadhi isimame hadi mpaka uthibitishwe, na kisiki kisichimbuliwe. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo ndiyo yako. Barua isiyo na mhuri huo haijawahi kuandikwa.

Kuhusu upangaji wako: unayo nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kuchukua hatua yanapoharibiwa, bila kuuliza kama una hati ya nyumba. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde mali ya umma. Lakini mpangaji ana hofu nyingine ya kweli, ya kuonekana mchochezi na mwenye nyumba akaambiwa. Ongea naye kwanza. Barua yenye sahihi tano za mtaa, mwenye nyumba wako akiwa mmojawapo, inasomwa tofauti na ya mtu mmoja.

Wengi wataniuliza kwa nini nisiwaelekeze NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, au polisi moja kwa moja. NEMC ni ngazi ya taifa, na suala la miti miwili ya mtaa kwa kawaida litarudishwa halmashauri, ambayo kwa sheria hiyohiyo ya 2004 ina afisa mazingira wake. Waendee pale halmashauri ikikaa kimya baada ya barua ya kukumbusha. Polisi wana nafasi, kwa sababu kuharibu mali ya mwingine kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lakini mwenye mali hapa ni mamlaka ya umma. Kesi itatembea vizuri zaidi mamlaka hiyo ikiwa mlalamikaji. Wakija tena na msumeno alfajiri, mtu wa kumpigia ni mtendaji wa kata, anayeweza kuja na mgambo. Weka namba yake kwenye simu leo. Miti hukatwa Jumapili na sikukuu kwa sababu ofisi zimefungwa. Usisimame chini ya mti unaokatwa wala usigombanie msumeno.

Sasa sehemu isiyopendeza. Ukishinda, adhabu inaweza kuwa ndogo kuliko kodi ya fremu moja kwa mwezi. Sheria ndogo haziruhusiwi kuweka faini yoyote zinayotaka. Zinabanwa na sheria mama. Tena nyingi zinaruhusu kosa kufifilishwa, yaani mkosaji akiri kwa maandishi, alipe, yaishe bila mahakama. Kwa mfanyabiashara hiyo ni gharama ya ujenzi kama mifuko ya saruji. Miji mingine imelitatua hili kwa kuufanya mti uwe na bei ya ukubwa wake. New York, kukata mti wa barabarani bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya hadi dola 15,000, mbali na kulipia miti ya kufidia. Singapore, kwenye maeneo yaliyotengwa kwa hifadhi ya miti, mti wenye mzingo unaozidi mita moja haukatwi bila idhini, hata ukiwa kwenye kiwanja cha mtu.

Hesabu ya fidia kwa ukubwa unaweza kuifanya mwenyewe. Inatumia eneo la shina lililokatwa, si idadi ya miti. Kisiki chenu kikiwa na kipenyo cha sentimita 40 na mche wa kupandwa ukiwa na sentimita 5, gawanya 40 kwa 5, unapata 8. Zidisha 8 kwa 8, unapata 64. Miche 64 kwa mti mmoja. Sisemi manispaa itamwamuru jirani apande 64, na pale mbele hakuna nafasi hiyo. Lakini weka hesabu hiyo kwenye barua, ili mtu akisema "atapanda mwingine, yaishe" kila mmoja mezani ajue anachozungumzia.

Mimi ningeacha kupigania faini, ningepigania mahali. Fremu zikisimama na mbele yake pakamwagwa zege au pevingi hadi kwenye lami, hapatakuwa na mti tena miaka hamsini, hata jirani akilipa mara tatu. Kipande cha ardhi kikibaki wazi, mti unarudi, na kwa mwarobaini unarudi haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kisiki chake huchipua. Ndiyo maana nimesema kisichimbuliwe. Ndani ya miezi michache machipukizi yatatoka pembeni. Yaache yafike urefu wa mkono, chagua moja au mawili yenye nguvu yaliyotokea chini kabisa karibu na udongo, mengine yang'oe. Mizizi ya zamani iko hai chini, kwa hiyo chipukizi lina mtambo mkubwa wa kulisha mwili mdogo. Litaupita mche wowote utakaoununua. Kasoro yake ni moja: mshiko wake na kisiki huwa dhaifu miaka ya mwanzo, hivyo usiache manne yakue pamoja.

Jirani yako atabaki jirani yako, na mtendaji wa kata anaweza kuwakalisha. Makubaliano ninayoyaona ya maana ni haya, yaandikwe na yatiwe sahihi mbele yake: kisiki na mti wa pili viachwe, kila kimoja kizungukwe na ardhi isiyofunikwa ya angalau mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, fremu zirudi nyuma ya bikoni, ukuta urekebishwe kwa boriti pale mzizi ulipothibitika, matawi ya chini yapogolewe kwa kibali ili mabango ya maduka yaonekane. Hilo la mwisho usilidharau. Mfanyabiashara anayekata mti mara nyingi anaogopa duka lake litafichwa, na kivuli kikipandishwa hadi mita tatu juu, wateja ndio wanakuja kusimama chini yake.

Mti wa pili ukifa licha ya yote, palepale pasikae wazi hadi mtu apate wazo. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, mche wenye urefu unaozidi mita moja na nusu ili mbuzi na watoto wasiumalize, na kizimba cha mbao kuuzunguka. Upande masika yanapoanza Machi, ukichelewa subiri vuli ya Oktoba. Kiangazi cha kwanza ndoo moja mara mbili kwa wiki. Kuhusu aina ya mti, mwashoki hautagusa ukuta lakini kivuli chake ni chembamba kama nguzo. Mkungu una kivuli kizuri ila majani yake makubwa yataziba mtaro. Jamii ya mtini, kwa mizizi yake mikali, isogelee ukuta wa adui yako tu.

Msaada wa ana kwa ana utauhitaji mapema kwa mambo mawili. Mti uliochunwa gome ukianza kuegama, au udongo ukipasuka upande mmoja wa shina, hama chini yake na umwite afisa misitu siku hiyohiyo. Hapo usalama unatangulia mti. Na kama halmashauri yenyewe ndiyo iliyotoa kibali kibovu na unafikiria kuishtaki, mwone wakili au msaidizi wa kisheria kwanza, kwa sababu mashauri dhidi ya serikali, halmashauri zikiwemo, hutanguliwa na notisi ya siku 90. Siku 90 ni nyingi kuliko zile ambazo mwarobaini uliochunwa gome unaweza kuzimudu, kwa hiyo nailoni nyeusi ifungwe leo jioni, barua iende kesho asubuhi.